Mrija wa Dismasi

Dismasi wa Kidahwe alikuwa na mdomo, jamani! Mwaka wa tisini na saba, wakimbizi wa Burundi wamejaa makambini, yeye hajawahi kuongea na hata mmoja wao, lakini eti anawajua wote. Jumapili wanaume wa kwao walizunguka mtungi wa pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake, naye akawahutubia.

"Wanashiba bure, wanalalia magodoro. Na wana sumu! Aliyekula kwao, msinywe naye mtungi mmoja."

Wenzake wakaitikia. Nani angebishana na Dismasi?

Jumanne moja akafuata mawese barabarani, akakutana na msako wa wakimbizi. Askari kijana aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali alimsikiliza maneno mawili tu ya lugha ya kwao, inayofanana mno na Kirundi.

"Mrundi huyu."

"Ni Kiha hicho, afande! Mimi wa hapahapa!"

"Wote mnasema hivyo. Panda."

Mkuki kwa nguruwe! Akapakiwa kwenye lori pamoja na watu aliowatukana miaka minne.

Kambini alikaa siku kumi na moja. Godoro hakuliona; alilalia nyasi chini ya turubai linalovuja. Chakula hakupewa, maana jina lake halikuwemo kwenye orodha. Siku ya tatu mjane mmoja Mrundi alikata ugali wake wa unga wa njano, akaonja mbele yake ili asiogope, akampa nusu. Dismasi alikula, akasubiri kufa. Hakufa. Kesho yake alikula tena, na safari hii aliona haya mpaka akalia.

Mkewe Yunisi alipeleka barua ya mwenyekiti wa kijiji, Dismasi akaachiwa. Jumapili akauchukua mrija wake, akaenda mbio mtungini. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na jambo analolijua kweli.

"Jamani, wale watu..."

Bonifasi, rafiki yake tangu utotoni, akaziba mdomo wa mtungi kwa kiganja.

"Ulikula kwao?"

"Nilikula, lakini..."

"Basi mrija wako hauingii humu."

"Bonifasi, nilikuwa sijui! Nilisema tu!"

"Na sisi tulikuamini."

Dismasi akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemtetea, walikuwa wanafyonza. Bonifasi akachota pombe kwenye kopo bovu, akaliweka chini, akalisogeza kwa mguu.

"Kanywee kule kwa mbuzi."