Vikombe Vitano vya Molasi

Harufu ya molasi, ile shira nyeusi ya miwa, hainitoki puani mpaka leo: tamu, nzito, na yenye uchungu kwa mbali. Kiangazi kile nyumbani Kwaluguru majani yalikwisha kabisa, na Bahati, ng'ombe wetu wa pekee, akawa anakula mabua makavu ya mahindi yaliyonyunyiziwa molasi. Kipimo cha mama kilikuwa kikombe kimoja cha bati. Mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye kiherehere, nilizionea huruma mbavu za Bahati, nikamwekea vitano. Alikula kwa pupa, nami nikajiona mtu wa maana.

Kesho yake hakusimama. Aliharisha, akasaga meno, akakataa hata maji. Majirani wakasema ni ugonjwa wa kuambukiza, na mama, huku akilia, akakubali achinjwe asubuhi iliyofuata kabla hajafa mwenyewe. Nilijua nilichofanya, nikanyamaza kwa woga.

Kaka yake mama, mjomba Hamisi, alikuwa mtunza maabara wa sekondari moja huko Korogwe. Alipofika kutuona siku ile, hakuridhika. Alichota mabaki ya chakula cha Bahati horini, akachota na chakula alichochanganya mama, akanichukua nimshikie mifuko. Maabarani alivikausha, akavisaga, akaviloweka katika maji ya moto na kuchuja. Maji yale akayadondosha kutoka mrija wa kioo ndani ya dawa ya buluu inayochemka.

"Buluu ikichelewa kupotea, ujue sukari ni kidogo," alinieleza.

Maji ya chakula alichochanganya mama yalikaribia kumaliza mrija mzima kabla buluu haijapotea. Ya chakula cha horini yalidondoka kidogo tu, buluu ikatoweka, yakabaki mashapo mekundu kama tofali.

"Mwajuma," mjomba aliuliza taratibu, "nani alimchanganyia Bahati?"

"Mimi, mjomba. Nilimwonea huruma." Nikaangua kilio.

Tulirudi jioni ile ile. Nilisubiri fimbo, lakini mama alipoambiwa aliketi chini palepale. "Alhamdulillahi! Kumbe si ugonjwa, ni utamu tu!" Akanivuta kifuani, akicheka na kulia. Bwana mifugo alimnywesha Bahati magadi ya kupooza asidi ya ile sukari tumboni, na siku ya tatu akasimama.

Leo napima chakula cha mifugo kwa mashine inayotoa jibu nikiwa bado natafuta kalamu yangu. Naipenda, hainichoshi. Ila haijui kuuliza nani alichanganya. Kwa hiyo sukari ikizidi, nampigia mfugaji simu na kumuuliza mwenyewe, taratibu, kama nilivyoulizwa mimi.