Mama Mkwe, Ng'ombe na Wapweke wa Eldoret

Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kuketi karibu na mama mkwe. Kwetu mkwe hukaa kiti cha mbali, hutazama sakafu na kujibu "Ndiyo, Mama" hata akiulizwa kama anataka chai au uji. Aliyevunja desturi hiyo ni ng'ombe.

Mama alikuwa ametutembelea kwetu Yamumbi, Eldoret, mke wangu akiwa kazini. Mzee, mumewe, akampigia simu kutoka nyumbani kwao Chepsaita: ng'ombe wao wa maziwa, wa pekee, alikuwa amekula majani mabichi yenye umande na tumbo limefura kama ngoma. Daktari wa mifugo hapatikani.

"Si wewe ulisoma chuo kikuu?" Mama akaniuliza. "Fungua hiyo kompyuta."

Nilisomea falsafa, lakini nilifungua. Simu yangu ilikuwa kwa fundi na ya Mama ni ya kubonyeza. Akavuta kiti, tukawa bega kwa bega. Nikaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: ng'ombe amefura tumbo, afanyiwe nini?

Skrini ikajaa wanawake. Wapweke wa Eldoret, ikasema, wanakusubiri. Mmoja alikuwa amevaa nguo chache kuliko baridi yetu inavyoruhusu.

"Hawa ndio madaktari?"

"Ni mtandao, Mama. Unasumbua kukinyesha."

Nje jua lilikuwa linawaka. Nikaandika tena, sasa kwa Kiingereza, maana msomi akikwama hudhani tatizo ni lugha. Wapweke wakarudi, wameongezeka. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikachomoa waya wa intaneti, nikaupuliza, nikaurudisha. Hawakuondoka.

Mzee akapiga tena. "Ameanza kulala chini."

Mama alifundisha darasa la tatu karibu maisha yake yote, na anamjua mwenye makosa kabla hajafungua mdomo.

"Kabla hawa wasichana hawajaanza kuja," akasema, "uliongeza nini humu?"

Nikatazama sakafu. "Kiprogramu, Mama. Cha kutazama mpira bure."

"Kitoe."

Nilikipata kimejibandika kwenye brauza. Ndicho kilichokuwa kikinyakua kila swali na kulipeleka kwa wapweke. Nikakifuta, nikarudisha mipangilio ya zamani, nikauliza upya. Sasa tukajibiwa habari za ng'ombe. Mama akamsomea Mzee: mwinue, mnyweshe mafuta ya kupikia pole pole asipaliwe, mtembeze, endelea kumtafuta daktari.

Tukangoja. Sikuwa nimemwomba Mungu kwa dhati hivyo tangu mitihani ya chuo.

Simu ikalia. "Ametoa hewa!" Mzee alipiga kelele hata mimi nikamsikia. "Mbwa amekimbia! Tumbo linashuka. Mwambie mkwe asante. Kweli kusoma ni kuzuri."

Mama akanitazama. Heshima yangu yote ilikuwa ndani ya ile simu ndogo.

"Amejitahidi," akasema. "Ila alianza kwa kuwauliza marafiki zake."