Baba aliacha wosia bila msimamizi, mahakama ikamteua mtani wa msibani

Wakuu, habari za humu. Hili limenikaa kooni tangu mwaka jana. Ni kweli tupu, na mimi mwenyewe simo upande wa watu wema.

Baba alifariki hapa Tabora akaacha wosia alioandika kwa mkono wake. Nyumba ya Cheyo ibaki kwa mama mdogo, yaani mke wake wa pili. Shamba la Kwihara na mizinga ya nyuki tugawane mimi na kaka.

Aliandika kila kitu, hadi jembe. Alisahau kimoja tu: nani asimamie.

Sasa kwa akili zetu, msimamizi ndiye mwenye mali. Kaka aliitaka ile nyumba. Mimi pia. Mama mdogo alikuwa jikoni, anatupikia sisi tunaopanga kumtoa.

Kikao cha ukoo kikakaa mara mbili. Nusu kwa kaka, nusu kwangu. Muhtasari wa kupeleka mahakamani ukabaki karatasi nyeupe.

Msibani alikuwepo Mzee Kondo, fundi cherehani wa Isevya. Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi. Mnajua watani kwenye misiba. Alivaa kofia ya marehemu, akakalia kiti chake, akaanza kutuamrisha: "Mimi ndio baba yenu, nimerudi. Pilau liko wapi?"

Kikao cha tatu akadakia: "Nipeni mimi huo usimamizi, niwauze na nyie humo humo!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikanyoosha mkono kumkubali, ili kaka akose. Kaka naye akanyoosha, ili nikose mimi. Akapita. Kila mmoja wetu alijua mtu wa masihara yule ataendeshwa kirahisi.

Mahakama ya mwanzo, hakimu akamuuliza ana maslahi gani kwenye mirathi.

"Sina, mheshimiwa. Pilau tu, na nilishakula."

Tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, akateuliwa.

Utani ukaishia hapo.

Wiki hiyo hiyo alifika kwangu na daftari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Baiskeli ya marehemu iko wapi?"

Nikamwambia naitunza.

"Umeitunza vya kutosha. Ilete."

Kwa kaka alitoka na redio, na mizinga ambayo kaka alikuwa ameshaihamisha.

Kabla hajapeleka orodha ya mali mahakamani niliomba niisome. Nilikuwa natafuta kosa la kumshitakia, sifichi. Mstari wa mwisho uliandikwa hivi: "Kofia moja ya marehemu. Ilichukuliwa na mtani Kondo, ikavaliwa siku tatu. Imerudishwa."

Wakuu, niliona aibu, nikamrudishia orodha yake.

Mama mdogo alikabidhiwa hati ya nyumba na kofia mbele yetu. Hati aliiweka mezani. Kofia ndiyo aliyoikumbatia akalia.

Funzo: ukiandika wosia, taja msimamizi, na mtaje asiyeitamani nyumba yako.

Semeni na nyie yaliyowakuta. Wa kunitukana pia karibuni, leo nina nafasi.