Kompaila ya Zamani

Fundi wa kompyuta wa ofisi yetu ya kupima maji ya mto huinamisha sikio kwenye kasha la mashine, akisikiliza diski ikikwaruza. Wafadhili walitupatia kompyuta mpya yenye mfumo wa Linux, wakaichukua ya zamani. Kompaila mpya, chombo kinachogeuza maandishi ya programu kuwa kazi ya mashine, ikaikataa programu yetu ya kukadiria mafuriko ya mto Songwe. Masika yale mvua ilishapiga milimani, naye fundi akawa anaijenga kompaila ya zamani kutoka msimbo wake, yaani maandishi yake ya asili. Kila kosa lilipotokea alisonya polepole, akafuta vidole kwenye suruali, akaanza upya.

“Kizee chako kimegoma, kaka?” nilimchokoza.

“Dada, kizee hakikimbizwi. Ukikikimbiza, kinakaa chini.”

Hatimaye kompaila ilikamilika, programu ikakubali, ikatabiri kwamba maji yangeingia kijiji cha Bujonde kabla ya jioni. Aliita kituo cha kijiji hicho kwa redio ya mawasiliano, akaita tena. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa mwangalizi wa maji wa Bujonde alikuwa amepunguzwa kazini, eti kwa ajili ya ufanisi. Fundi hakulaani mtu. Alikunja suruali, akapanda baiskeli, akaenda kuwaambia watu kwa mdomo wake.

Maji yalimtangulia.