Sufu Inayosokotwa Njiani

Saa mbili asubuhi, kwenye njia inayoteremka kutoka vilimani hadi soko la Tarime, wanawake saba wanatembea wakifuatana. Kila mmoja ana mzigo kichwani. Sita wanapiga soga. Wa saba naye anapiga soga, lakini mikono yake ina shughuli nyingine.

Kichwani ana mkungu wa ndizi. Kwenye kiwiko cha kushoto ametundika kikapu chenye sufu ya kondoo iliyochanwa, laini kama povu. Mkono wa kulia unazungusha kijiti chenye kigae cha chungu kilichotobolewa katikati, kisha unakiachia. Kijiti kinaning'inia usawa wa goti, kinazunguka mbio, na sufu inageuka uzi. Uzi ukikaribia kugusa vumbi anauviringisha kwenye kijiti na kuanza upya. Hasimami wala haangalii chini.

"Mama Marwa, utajikwaa uvunjike shingo," anasema Robi, jirani yake, aliye nyuma yake.

"Nikivunjika shingo, ndizi zangu uniuzie. Na usipunguze bei."

"Na hicho kijiti?"

"Kijiti nizikwe nacho. Wewe huwezi kukitumia."

Wenzake wanaangua kicheko. Naye anacheka, na uzi haukatiki.

Huyo ni Regina Waisiko, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, mke wa Kisyeri na mama wa watoto wanne. Kiangazi hiki cha mwaka 1957 amesokota sufu akienda mtoni, akilinda nafaka ya wimbi shambani, akingoja chungu kichemke. Hasokoti kwa kujifurahisha. Mvua ya kwanza ya vuli ikianguka kabla hajamaliza nguo moja ya mtu mzima, kondoo wake wawili watapelekwa mnadani.

"Ng'ombe ni wa Kisyeri," anaeleza. "Mbuzi ni wa Kisyeri. Kuku ni wa mama mkwe. Kondoo hawa wawili ndio wanyama pekee katika mji wetu pale nyumbani ambao mtu akitaka kuwagusa anauliza mimi kwanza. Sasa niwaache waende?"

Kondoo hao si wa kawaida. Kondoo wa Kikurya ana manyoya mafupi na mkia wa mafuta, na kazi zake zinajulikana: nyama, ngozi na mambo ya mila. Wa Waisiko wana sufu ya kusokota. Mbegu yao ilitoka nyanda za juu za Kenya, na miaka miwili iliyopita Sista Bernadetha, anayefundisha kazi za mikono misheni, aliwagawia wanawake sita kondoo jike wawili kila mmoja. Sharti lilikuwa moja tu: mwana-kondoo wa kwanza arudishwe misheni.

Waisiko alimrudisha wake. Wenzake watano wameacha. Mmoja kondoo wake walikufa kwa kupe. Waliobaki waliona kazi ni ndefu na faida haionekani, nao hawakukosea sana. Waisiko mwenyewe, kwa miaka hiyo miwili, alikuwa hajatoa hata soksi.

"Sista alitufundisha kusokota tukiwa tumekaa kwenye kigoda," anasema. "Misheni kuna vigoda. Kwangu nani ana nafasi ya kukaa?"

Zamani sufu ilikatwa na kuoshwa huko huko misheni. Mwaka huu Sista aliwaambia walio tayari waifanye kazi yote nyumbani. Mwezi wa sita Waisiko alikwenda mjini kwa fundi Athuman, mshonaji, kuazima mkasi mkubwa. Athuman alikaa nao mkononi muda mrefu kabla ya kuutoa.

"Bibi, mkasi huu umekata kanzu za mashehe," alimwambia. "Leo unakwenda kukata kondoo."

"Kondoo naye anavaa, fundi."

Aliupata kwa mayai kumi na mawili. Kondoo walikatwa vizuri. Kuosha ndiko kulikomponza.

Hana aibu kulisimulia. Sista alimwambia atumie maji ya moto na asikoroge. Alichukua chungu kikubwa kuliko vyote nyumbani, kile cha pombe, akaweka sufu ya kondoo wa kwanza, akawasha moto.

"Nilisikia maji ya moto, na hayo mengine nikasahau," anasema. "Maji yakichemka mbele ya mwanamke wa Kikurya, na mwiko uko karibu, mkono utatuliaje? Nikasonga. Nilisonga kama ugali wa wimbi, mpaka nikasikia imeshikana, nikafurahi kwamba imeiva."

Lilitoka bonge moja gumu, ambalo hata kwa panga lisingechanuka. Sufu ya kondoo mzima iliishia hapo. Mama mkwe wake, bibi Mokami, alilizunguka bonge hilo mara mbili.

"Mke wa Kisyeri, ugali huu tuule na mboga gani?"

Kisha akalikalia. Akasema linafaa kuliko ngozi.

Mambo yangeishia kwenye kicheko kama si chungu. Waisiko alikisugua kwa majivu na mchanga, akakianika siku mbili. Wiki iliyofuata wazee wa mji ule na wa jirani walialikwa pombe. Waliketi, wakaingiza mirija yao chunguni, wakavuta. Mzee mmoja akautoa mrija wake, akaunusa.

"Kisyeri, mura, hii ni pombe au mchuzi wa kondoo?"

Wazee walicheka mpaka machozi. Kisyeri hakucheka. Ni mtu mwenye heshima yake, aliyewahi kuwa askari, na hajazoea kuchekwa kwenye uwanja wake mwenyewe. Wageni walipoondoka alimwita mkewe mbele ya mama yake.

"Hao kondoo wako nitawauza mnadani," alisema. "Nakupa mpaka mvua ya kwanza. Nikiona nguo anayoweza kuvaa mtu mzima, watabaki. Siyo mpira wa nyuzi, nguo. Na kazi ya mji huu isilale hata siku moja. Nikikuta jiko baridi kwa sababu ya sufu, sitangoja mvua."

"Nimesikia, baba Marwa."

Ndipo kigoda kikawekwa kando. Sufu ya kondoo wa pili aliiosha kwa maji ya uvuguvugu, mikono akiifunga nyuma, kwa maneno yake, asije akashika mwiko. Ilikuwa ratili tatu kabla ya kuoshwa. Alipotoa uchafu na kutupa iliyogandana na mavi, ikabaki ratili moja na nusu. Akaichana yote. Kisha akaanza kuipima siku yake, akitafuta palipo na mikono mitupu.

Kwenda mtoni, sawa. Kurudi na mtungi umejaa kichwani, sawa pia, ili mradi njia iwe kavu, na kiangazi njia ni kavu. Kwenye dungu la kulindia wimbi, sawa kabisa: anasokota, ndege wakitua anapiga kelele, wakiruka anaendelea. Kusaga hakuwezekani, maana jiwe linataka mikono yote miwili. Kunyonyesha kunawezekana, ila mtoto alizoea kuvuta uzi badala ya ziwa, ikabidi aachane nako.

"Msibani niliiacha nyumbani. Sina wazimu," anasema. "Kanisani nilijaribu mara moja. Katekista aliniangalia hivi, nikaisukuma chini ya benchi."

Haikuwa kazi ngeni kabisa kwa vidole vyake. Tangu utoto alikuwa akisokota kamba za katani pajani, za kufungia kuni na kushonea vikapu. Sufu, anasema, ni katani isiyo na hasira. Uzi wake wa mwezi wa saba ulikuwa mnene huku na mwembamba kule, mbaya, na mwenyewe anakubali. Wa mwezi wa nane ukawa sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na akajifunza kuzipindisha nyuzi mbili pamoja kwa upande wa pili ili uzi utulie na usijikunje.

Kisyeri alikuwa akifuatilia. Siku moja alitoka malishoni adhuhuri, bila taarifa, akasimama mlangoni pa jiko.

"Maji ya kunawa?"

"Hayo hapo."

"Chakula?"

"Kimefunikwa."

"Kuni?"

"Geuka nyuma yako."

Akageuka, akaona rundo. Akamtazama paka. "Mbona paka amekonda?"

"Paka hakuwemo kwenye maneno yetu, baba Marwa."

Sasa ni Agosti, na sokoni ndizi zimekwisha kabla ya saa tano. Waisiko anapitia kibarazani kwa fundi Athuman akiwa na madonge yote ya uzi aliyosokota tangu Juni. Athuman anashika uzi mmoja, anauvuta kwa nguvu zake zote. Anauvuta tena.

"Huu unafunga fahali," anasema, na safari hii hatanii. Anayapeleka madonge kwenye mizani ya duka la jirani. Athuman ndiye aliyemshonea Kisyeri shati, kwa hiyo kifua chake anakijua kwa inchi.

"Bibi, mumeo ni mpana. Huu utakutolea kizibao. Mikono haipo."

"Nyumbani hakuna sufu nyingine hata punje."

"Basi mpe kizibao. Si nguo hiyo?"

Waisiko anatikisa kichwa. Angeweza kubishana na Kisyeri kwamba kizibao ni nguo, na pengine angeshinda. Hataki. "Sitaki abaki na pa kunishikia," anasema. "Nikimpa, nimpe iliyokamilika. Aivae aone."

Anarudi juu mlimani na sindano nne za kufumia zilizonolewa kutoka spoku za baiskeli. Njia nzima mikono yake imelala, na Robi, anayemjua, hamtanii.

Alifuma kiwiliwili kwa wiki tatu, akilinda wimbi na baadaye akikaa karibu na wavunaji. Mbele, nyuma, shingo. Uzi ukaisha pale pale Athuman aliposema. Mikono ya sweta haikuwepo, na kule ziwani mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri.

Jibu lililetwa na mtu ambaye hakumtarajia. Asubuhi moja bibi Mokami aliingia jikoni, akafungua khanga yake, akamwaga sakafuni fungu la manyoya ya kondoo yenye vumbi na miiba.

"Nimekuokotea takataka zako," alisema.

Kondoo hujikuna kwenye ua wa miiba wa zizi, na kwa wiki nyingi, kumbe, bibi Mokami alikuwa akipita kila jioni akinyofoa kilichonasa. Sufu ya miaka miwili ilikuwa imening'inia pale na hakuna aliyeitazama. Waisiko aliinua macho.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu siku wazee walipomcheka mwanangu. Unafikiri nilipenda? Osha hiyo. Na usisonge."

Ilitosha. Ilikuwa sufu nyeusi nyeusi kwa moshi na udongo, haikukubali kuwa nyeupe hata ilipooshwa mara tatu, na ilikuwa kavu. Mikono ya sweta ikatoka na rangi ya majivu, tofauti na kifua. Waisiko aliifuma bila kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Mvua ya kwanza ilianguka Septemba, Alhamisi alasiri, siku mbili kabla ya mnada. Ilinyesha kidogo, ya kutuliza vumbi tu, lakini ilikuwa mvua. Kisyeri alirudi amelowa. Mkewe alimngoja akauke, akampa sweta.

Alilivaa. Lilipita kichwani, likakaa mabegani, mikono ikafika kwenye viganja. Alijipinda huku, akajipinda kule, kama askari anayekaguliwa.

"Mikono inawasha," alisema.

"Ndiyo, inawasha," alijibu mkewe.

Akaenda zizini kufunga ng'ombe. Hadi Ijumaa jioni hukumu ya kondoo ilikuwa haijatoka. Waisiko anakiri kwamba siku hiyo ndiyo pekee kiangazi chote aliyounguza chakula, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Alisikia miti ya mlango wa zizi ikivutwa. Akatoka, akasimama kando ya ghala. Kisyeri alitoa fahali mmoja, kisha mwingine. Kondoo walijisogeza ili watoke pamoja nao. Akawarudisha ndani kwa goti, akaifunga miti, akaondoka na fahali wake kuelekea Tarime. Sweta lilikuwa mwilini.

Robi, aliyekuwa mnadani siku hiyo, anasema saa saba mchana jua lilikuwa kali na watu wamevua mashati. Kisyeri hakuvua.

"Mura, huoni joto?" aliulizwa.

"Joto gani?"

"Umelinunua wapi hilo?"

"Halinunuliwi. Mke wangu amelitengeneza, kuanzia kwenye mgongo wa kondoo."

Dukani Tarime sweta la mtu mzima linauzwa shilingi kumi na nane, na halina mikono ya rangi nyingine.

Siku hizi kila Jumapili alasiri wanawake wanne hukusanyika nyumbani kwa Waisiko, Robi akiwa mmoja wao. Hawakai. Anawapa kijiti mkononi na kuwatembeza kuzunguka ua wa migomba mpaka uzi ukubali. Sista Bernadetha alikuja kuwaona, akazunguka nao mara tatu, akasema vigoda vyake vya kusokotea sasa atawapa wanafunzi wa kazi nyingine.

Kondoo wote wawili wana mimba. Waisiko ameshapanga. Mwana-kondoo jike wa kwanza ni wa Robi, kwa sharti lile lile la misheni, ila safari hii atakayerudishwa ataletwa kwa Waisiko mwenyewe. Amemwambia Kisyeri ajenge banda lenye paa kabla ya masika, ili sufu isichafuke, na Kisyeri ameshakata miti. Wazee watatu wametuma salamu kwamba nao wanahisi baridi.

"Wake zao waje Jumapili," anasema Waisiko. "Mimi sifumi sweta la mzee mwenye mke mzima."

Na yeye mwaka ujao atafuma nini?

"Sweta la pili ni la mama mkwe, ameshanionyesha anataka liishie wapi. La tatu ni langu." Anaangalia kijiti kinavyozunguka, anaongeza sufu kidogo. "Kisyeri ameniuliza la nne litakuwa la nani. Nimemwambia akilitaka, kusokota nitamfundisha."