Video Nyeusi ya Mke wa Fundi Baridi

Jina la Fundi Baridi lilitokana na kazi yake. Alitunza viyoyozi katika kituo cha data, jengo lisilo na madirisha ambamo seva hunguruma kutwa kucha zikihifadhi picha na video za watu. Zikipata joto, yeye ndiye huitwa.

Umeme ulipozidi kuliwa, wakubwa waliamua kuwaomba wateja wafute wasivyovihitaji, na kila mfanyakazi aanzie nyumbani kwake. Fundi akaona ni jambo dogo. Maskini, alimsahau mkewe! Mjukuu akipiga chafya, video. Akipiga tena, video nyingine, na zote zinapanda mtandaoni.

Jumapili mchana wakaketi kwenye kochi, simu katikati.

"Futa hii, mama. Na hii. Zote ni zilezile."

"Zilezile wapi? Hapa ana meno mawili, hapa matatu."

Hata hivyo alifuta, shingo upande, mpaka wakafikia video moja nyeusi tii, ndefu na nzito kuliko zote za mjukuu.

"Umeme wote ule kwa ajili ya giza?" Fundi akang'aka.

"Hiyo haifutwi."

"Ina nini?"

"Haifutwi, mzee wangu. Labda unipokonye simu."

Alikuwa amekaza uso kweli. Wivu, tusifichane, ulimchoma Fundi kidogo. Akaibonyeza. Giza likaanza kukoroma, likakwama, likapiga mluzi, likaendelea.

"Nani huyu?" aliuliza, ingawa alishamjua.

"Mume wangu." Mkewe alitazama pembeni. "Ukiwa zamu ya usiku nyumba inanyamaza mno. Silali. Naiweka chini ya mto."

Na miaka yote hiyo alikuwa akimpiga viwiko kwa kukoroma! Fundi alitaka kucheka, badala yake akamshika mkono. Alimpenda mno mwanamke huyu, na ni siku nyingi hakuwa amemwambia. Akamwambia.

Kisha akaichomoa sauti peke yake kutoka kwenye ile video, akaihifadhi kwenye simu yenyewe, si mtandaoni, na ile video nzito mkewe akaifuta kwa kidole chake mwenyewe, bila kushurutishwa.

Kesho yake Fundi aliwaendea wenzake wanaowapigia wateja simu. "Msianze na kufuta," akawaambia. "Waulizeni kwanza ni kipi hawawezi kuachana nacho. Vingine watavifuta wenyewe."

Jioni alipotoka kwenda zamu, mkewe alimsindikiza mpaka mlangoni.

"Nenda salama," akamwambia. "Huyu wa kwenye simu ana nafuu. Anapunguzwa sauti."