Firigisi ya Mkubwa, Kilimatinde

Siku ya kwanza kazini nilipewa kuku aliyechinjwa na ndoo ya maji ya moto. Ilikuwa nyumba ya wageni Manyoni, karibu na stesheni. Mkuu wa Jiko, mama mnene asiyecheka, akasema, "Nyonyoa." Nikamtumbukiza kuku kwenye maji yanayotokota, ngozi ikatoka pamoja na manyoya. Mkuu wa Jiko akamtazama kuku, akanitazama mimi. "Huyu umemnyonyoa au umemvua nguo?" Toka hapo najua: maji ya kunyonyolea huachwa yapoe kidogo, mpaka uweze kuchovya kidole bila kupiga kelele.

Wajukuu, mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini upishi nimeufanya mpaka magoti yakagoma. Toka Manyoni nilipelekwa Itigi, chini ya Mhudumu Mkuu aliyetunza chumvi kama dawa ya hospitali. Toka Itigi nikapelekwa Kilimatinde, nikamalizia huko.

Kilimatinde wengi hamuujui. Toka Dodoma mtu anaenda na kurudi siku hiyo hiyo. Zamani ulikuwa mji wa serikali, Wajerumani waliweka boma pale, na misafara ya pwani ilipita pale ikienda Tabora. Halafu reli ikapita bondeni, mji ukabaki juu ukingoni unaitazama treni ikienda kwa watu wengine.

Nyumba yetu ya wageni ilikuwa na popo wengi kuliko wageni, na wamiliki wake walitaka kuifunga. Siku moja Bwana Msimamizi akaja jikoni.

"Mama Neema, Jumamosi wanakuja watu wa ofisi moja ya Dodoma kutembea. Wataona boma, watakula mchana, watarudi. Mkubwa wao akipenda, atakuwa analeta wageni wake huku. Asipopenda, mimi na wewe tukalime."

"Nipike nini?"

"Kuku. Na firigisi apewe mkubwa wao. Hilo usikosee."

Vijana hamjui. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Mgeni mkubwa akila kuku asione firigisi, umemwambia kuku hakuchinjwa kwa ajili yake. Na mwanamke haili. Mimi nilikuwa nimepika firigisi miaka na miaka, sijaonja hata moja.

"Mkubwa wao nitamjuaje?"

"Mkubwa hajifichi," akasema, akaenda zake.

Jumamosi basi lao dogo, Kosta, likafika. Nikachungulia dirishani. Akashuka mzee wa koti, kitambi mbele, mvi safi, akapiga makofi. "Saa nane wote mezani. Atakayechelewa namwacha." Wote wakaitika, "Sawa mzee." Nyuma yake alishuka binti wa viatu vya raba, kabeba chupa yake ya maji mwenyewe, anapiga picha kuta. Nikasema huyo karani.

Firigisi zote nikaziweka bakuli moja mbele ya mzee. Alizila taratibu, kafumba macho, kama mtu aliyerudishiwa shamba lake. Wageni wakamaliza kula, wakaenda bomani.

Msimamizi akaingia jikoni uso umempauka. "Umeniua, Mama Neema. Yule ni dereva."

"Na mkubwa?"

"Binti wa raba. Ndiye Mkurugenzi."

"Ulisema mkubwa hajifichi."

"Huyu kajificha."

"Basi kosa ni lake." Nikaendelea kuosha vyombo.

"Hakuna iliyobaki?"

"Ziko tumboni kwa dereva. Kamwombe."

Kuku wengine hatukuwa nao. Alibaki jogoo wa Msimamizi, mwekundu, aliyeamsha mji mzima. Msimamizi akamchungulia dirishani, akasema, "Mkamate."

Jogoo akatukimbia mpaka kwenye kuta za boma, wageni wamesimama wanasikiliza habari za Wajerumani. Mkurugenzi akamwona anakuja, akainama, akamdaka miguu kwa mkono mmoja. Mtu aliyekulia mjini hadaki hivyo.

"Shikamoo mama. Huyu anakimbia nini?"

"Marahaba. Anakimbia kuchinjwa."

"Si tumeshakula?"

Msimamizi akanikanyaga mguu. Mimi kupindisha maneno siwezi. "Firigisi zako kala dereva wako. Huyu ni fidia."

Akamtazama jogoo, akamtazama dereva. Dereva akatazama bondeni. Mkurugenzi akacheka mpaka akashika ukuta wa Wajerumani.

"Mama, mimi mzaliwa wa Mungaa, hapa hapa Singida. Kwetu mwanamke hali firigisi. Nimekula kuku maisha yangu yote, hiyo sijawahi kupewa."

"Hata mimi."

"Basi achinjwe."

Dereva akakohoa. "Bosi, mila nayo tuiangalie."

"Wewe umekula ngapi?"

Dereva akafunga kifungo cha koti. "Zote," nikajibu mimi.

Mchinjaji wetu alikuwa Msimamizi mwenyewe, maana ndiye Mwislamu pale, na akichinja yeye mgeni yeyote anakula bila wasiwasi. Alimgeuza jogoo kibla, akasema bismillahi kwa sauti ya msibani.

Jogoo mzee haivi upesi, na Kosta ilikuwa na safari. Nikatoa firigisi peke yake, nikaipasua, nikamwaga changarawe, nikabandua ile ngozi ya njano ya ndani, maana ukiiacha inakuwa chungu. Nikaibanika kwenye makaa. Mkurugenzi akaikata vipande viwili, nusu akanipa mimi. Tukatafuna weee, ngumu kama soli. Wanaume wote wametuzunguka kama tunapasuliwa jipu.

"Mama."

"Naam."

"Ndiyo hii waliyotunyima?"

"Ndiyo hiyo."

"Wangetupatia tu. Tungewarudishia."

Alirudi na wageni wengine, akarudi tena, na nyumba haikufungwa. Kila safari alinipigia simu: "Mama, firigisi mpe dereva." Aliyepata hasara ni Msimamizi. Bila jogoo wa kumwamsha akawa analala mpaka jua kali, chai ya asubuhi ya wageni ikawa juu yangu.

Sasa nimestaafu, nakaa Singida Mjini kwa mwanangu. Wewe unayeanza upishi, kabla hujapakua uliza mkubwa ni nani, usimpime kwa kitambi. Lakini nasema tu. Siku hizi firigisi zinauzwa kwa kilo sokoni, hazina kichwa wala miguu, hujui zilitoka kwa kuku yupi. Juzi mkwe wangu alikaanga sufuria nzima. Mwanangu, mwenye nyumba, hajarudi toka kazini, na mjukuu wangu, mtoto wa kike ambaye hata kiatu hajui kuvaa, kanyoosha sahani anataka nyingine. Nikampakulia. Nikamuuliza kama si ngumu. Akatafuna, akanyoosha sahani tena.